Tawi la ukoo halipotelei baharini

Wengi wanaoniletea kazi ya kutafuta asili yao Uingereza huanza na meli. Wanataka jina la chombo na orodha ya abiria, kana kwamba ukoo ulikatikia majini. Kwa uzoefu wangu wa nasaba, tawi hupotelea bara, watu wakishaanza kuhamahama kufuata ardhi.

Mfano ninaoupenda ni wa Abraham Lincoln, aliyekuwa rais wa Marekani. Mwaka 1859 aliandika kwamba jitihada za kuiunganisha familia yake na akina Lincoln wa New England, eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani lenye Massachusetts, ziliishia kwenye kufanana kwa majina tu: Enoch, Levi, Mordecai, Solomon, Abraham. Alijua babu yake alitoka Virginia, na wazee wa kabla yake Pennsylvania. Basi. Babu huyo, naye Abraham, aliuawa Kentucky mwaka 1786, mwanawe Thomas akiwa bado mtoto. Nani angemsimulia ya nyuma?

Lincoln alikuwa na haki ya kusita. Jina linalojirudia ni kidokezo, halithibitishi undugu. Lakini Mordecai si jina la kila nyumba, na mimi nikiliona vizazi viwili mfululizo hufuata wosia na hati za mashamba. Kwa akina Lincoln wa Massachusetts kuna Mordecai baba na Mordecai mwana. Huyu wa pili alihama Massachusetts akapitia New Jersey, akafia Pennsylvania mwaka 1736. Wosia wake ulimwachia mwanawe John ardhi kule New Jersey, na John huyo, baba wa yule babu aliyeuawa, ndiye aliyehamia Virginia. Pengo limezibwa na karatasi za mashamba, wala si za bandarini.

Hapo ndipo navuka bahari. Samuel Lincoln, baba wa Mordecai wa kwanza, alibatizwa Hingham, Norfolk, Uingereza, tarehe 24 Agosti 1622, na mwaka 1637 anaonekana akisafiri kama mtumishi wa mfumaji wa Norwich. Orodha inasema ana miaka 18. Kwa ubatizo wake ana 15 hivi. Simtupi mtu kwa tofauti ya miaka mitatu. Naangalia alikofikia: Hingham ya Massachusetts, mji uliopewa jina na watu wa Hingham ya Norfolk, ambako kaka zake walikuwa tayari. Tena Richard, babu yao, alikuwa amemnyima baba yao Edward sehemu kubwa ya urithi. Vijana wasio na shamba huondoka.

Kwa lugha yetu, Mordecai wa pili ni mjukuu wa Samuel, John kitukuu, Abraham wa Kentucky kilembwe, na Thomas kilembwekeza. Rais ni mwana wa kilembwekeza.

Ukifika kwenye daftari za parokia, zilizoanza mwaka 1538, chunga tarehe. Hadi 1752 mwaka wa Uingereza ulianza 25 Machi, hivyo mtoto aliyeandikwa kubatizwa Februari 1621 kwetu ni wa Februari 1622. Mimi huandika miaka yote miwili, 1621/22, nisije nikamzalisha mama mmoja watoto wawili ndani ya miezi minne.