Betri ya tochi inaweza kujaa na bado ikawa imechoka

Mzee mmoja mlinzi aliniletea betri mbili za tochi, zile za 18650: upana milimita 18, urefu 65. "Kijana wangu, chaja inawasha kijani vizuri tu, lakini nikiweka mwanga mkali tochi inafifia kabla sijamaliza kuzunguka ua." Nikazipima kwa mita. Zote mbili volti 4.18, yaani zimejaa karibu kabisa. Ningeishia hapo, ningemrudishia na kumwambia tochi ndiyo mbovu.

Chukua ndoo, ijaze mawe nusu, kisha mimina maji. Yatafika ukingoni kama kawaida, ila ukichota hupati ndoo nzima. Betri ya lithiamu ikizeeka huwa hivyo. Kila chaji na kila mwezi unaopita, sehemu ya lithiamu hunaswa kwenye utando unaoota juu ya grafiti ndani ya betri, na haifanyi kazi tena. Joto huharakisha jambo hilo, na kukaa imejaa pia. Za mzee zilikuwa zinashinda kwenye chaja mchana kutwa, ndani ya kibanda cha bati.

Kwa hiyo tunapima kinachotoka. Tafadhali usitegemee namba ambayo chaja inaonyesha wakati wa kujaza, maana betri inayovuja chaji hula nyingi na kutoa kidogo. Naijaza hadi 4.2, naiacha ipoe saa moja, halafu naimwaga kwa mkondo usiobadilika hadi volti 3.0, saa ikihesabu. Ampea mara saa, basi. Kama huna chaja yenye uwezo wa kumwaga, rezista (kipande kinachozuia mkondo) ya omu 4 inatosha. Chukua ya wati 10, kwa sababu mwanzoni inabeba zaidi ya wati 4 na inachoma vidole. Mkondo wake hushuka kutoka kama ampea 1.05 hadi 0.75 kadiri volti zinavyoshuka, hivyo andika volti kila baada ya dakika 10 (gawanya kwa 4 upate ampea), na usiondoke ukaisahau ikazama chini ya 2.5.

Betri za mzee zimeandikwa 2600 mAh (miliampea-saa, yaani ampea 2.6 kwa saa moja). Kwa nusu ampea, ya kwanza ilidumu saa 4 na dakika 10, yaani karibu 2080. Ya pili saa 3 na dakika 20, karibu 1670. Zimezeeka, lakini ukitazama namba hizo tu utasema hata ya pili bado inafaa.

Kosa ambalo nimeona likirudiwa sana ni hili la kupima kwa mkondo mdogo. Tochi ya mzee kwenye mwanga mkali inavuta ampea 2, basi nikarudia kwa ampea 2. Ya kwanza ilishuka mara moja hadi volti 4.0, ikaenda dakika 55. Ya pili ilianguka papo hapo kutoka 4.18 hadi 3.4, na dakika ya 22 ikagusa 3.0. Hiyo ni kama 730 tu! Gawanya pengo la volti 0.78 kwa ampea 2, unapata omu 0.39 za ukinzani wa ndani. Betri nzima ya aina hii haifiki hata 0.1. Chaji ilikuwemo, ila njia ya kutokea imebana.

(Na ukiuziwa 18650 iliyoandikwa 9900 mAh, usihangaike kuipima. Hata zilizo bora kabisa hazifiki nusu ya hapo.)

Nilimwambia mzee ya kwanza aendelee nayo, aitoe kwenye chaja ikijaa. Ya pili niliijaza, nikaiandikia tarehe kwa kalamu na kuiweka kabatini wiki mbili. Nilipoipima tena ilikuwa 3.91, bila kuguswa na mtu. Nimeiziba ncha zote mbili kwa utepe wa gundi na kuiweka kwenye kopo la zile zisizorudi kwenye chaja.