Kabla hujapewa kipaza sauti: yanayosomwa kwenye shahada ya elimu ya afya ya jamii

Mwaka wa masomo unapoanza, mimi kama mwalimu wao huwauliza wanafunzi wapya wanadhani wamekuja kujifunza nini. Majibu hayatofautiani sana: kuielimisha jamii kuhusu usafi, lishe, chanjo, magonjwa ya kuambukiza. Kisha hatakosekana mmoja wa kuongeza kwamba watu wanaugua kwa sababu hawajui. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo ambayo shahada hii huibomoa taratibu, semista baada ya semista, na anayehitimu akiwa bado anaiamini amelipa ada bure.

Mvutaji wa sigara anajua kuwa sigara inamdhuru. Pakiti yenyewe imeandikwa. Wapo wauguzi wanaovuta, na wapo walimu wa afya wanaoahirisha kupima shinikizo la damu mwaka hadi mwaka. Kama kujua kungetosha, fani yetu ingemalizwa na kiwanda cha kuchapa vipeperushi. Kati ya kujua na kutenda kuna kitu, na shahada nzima ni utafiti wa kitu hicho. Nimeona vijana wakiikwepa kozi hii kwa kudhani ni uhamasishaji wa barabarani, na wengine wakiikimbilia kwa kudhani ni udaktari wa mkato. Wote wawili wamepotea njia, kwa hiyo nieleze kinachofanyika humo ndani.

Masomo ya msingi nitayapita haraka: anatomia na fiziolojia kwa kiasi, mikrobiolojia, lishe, saikolojia, sosholojia. Hutafundishwa kutibu. Unafundishwa mwili na vimelea kwa kiwango cha kukuwezesha kusoma mwongozo wa kitabibu bila kuupotosha, na kujua ni wapi mipaka yako inaishia ili mgonjwa umwelekeze kwa mhusika.

Somo linalowatoa watu jasho ni epidemiolojia, yaani elimu ya namna magonjwa yanavyosambaa katika jamii, pamoja na ndugu yake, takwimu. Wengi wamekuja huku wakizikimbia hesabu, na hesabu zinawakuta hukuhuku. Kitu cha kwanza unachofundishwa ni kutoiamini namba iliyo peke yake. Mtaa mmoja una watoto 60 walioharisha mwezi huu, mwingine una 40. Tuanzie wapi? Huwezi kujibu mpaka ujue kila mtaa una watoto wangapi. Kama wa kwanza una 6,000 na wa pili 2,000, basi wa kwanza una wagonjwa 10 kwa kila watoto 1,000, na wa pili una 20. Ule ulioonekana nafuu ndio wenye hali mbaya mara mbili.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa surua, kwa kuwa swali lake utaulizwa mkutanoni siku moja, tena na mtu makini: "Mwalimu, mbona wengi waliougua walikuwa wamechanjwa?" Usimwone mkorofi. Huenda anachosema ni kweli tupu. Dozi moja ya chanjo ya surua hukinga takriban watu 93 katika kila 100. Chukua watoto 1,050, ambao 1,000 wamepata dozi moja na 50 hawajapata kabisa. Tuseme virusi vimeingia na kumpata kila asiye na kinga. Wataugua watoto 70 waliochanjwa na wote 50 ambao hawakuchanjwa. Wagonjwa 120, na zaidi ya nusu yao wana kadi ya chanjo! Sasa gawanya upya: kwa waliochanjwa wameugua 7 katika kila 100, kwa wasiochanjwa wameugua 100 katika kila 100. Ndiyo sababu pia ya kutolewa dozi ya pili, ambayo hupandisha kinga hadi karibu asilimia 97. Mwanafunzi anayeweza kuifanya hesabu hii ubaoni, polepole, bila kumdhalilisha aliyeuliza, namhesabu kuwa ameiva kuliko yule aliyekariri fomula zote za mtihani.

Kisha zinakuja nadharia za tabia. Hapa ndipo wanafunzi hulalamika kwamba tunawalisha michoro ya visanduku na mishale. Malalamiko hayo nayaelewa, maana nadharia hufundishwa vibaya mara nyingi: jina, mwaka, visanduku, mtihani. Lakini kila mchoro ulizaliwa na kitu kilichogoma kwenda kama kilivyopangwa. Miaka ya 1950, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilikuwa ikitoa huduma ya eksirei ya kifua bila malipo, kwa magari yaliyofika hadi karibu na watu, ili kifua kikuu kigunduliwe mapema. Huduma bure, mlangoni, na bado wengi hawakujitokeza. Mwanasaikolojia Godfrey Hochbaum akaenda kuwauliza watu wenyewe wanaamini nini. Akakuta kwamba kati ya walioamini kuwa ugonjwa ungeweza kuwapata wao, na kuwa kuugundua mapema kuna faida, asilimia 82 walikuwa wamepiga eksirei kwa hiari angalau mara moja. Kati ya wasioamini lolote kati ya hayo mawili, ni asilimia 21 tu. Yeye, Irwin Rosenstock na wenzao wakajenga juu ya hapo kile tunachokiita modeli ya imani kuhusu afya: je, najiona niko hatarini, je, hatari yenyewe ni kubwa, je, nikifanya hivyo nitapata faida, je, ni nini kinanizuia. Baadaye likaongezwa swali la kama mtu anajiamini kuwa ataweza.

Swali la vizuizi ndilo ninalokaa nalo muda mrefu darasani, kwa sababu vizuizi vya watu huwa vidogo kuliko tunavyodhani na vizito kuliko tunavyopenda. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mwaka 1977, huko Merka, Somalia. Alikuwa mpishi hospitalini. Hakuishi mbali na huduma, wala hakukosa taarifa. Aliikwepa chanjo kwa sababu aliogopa kwamba sindano ingemuuma. Alipona, na miaka mingi baadaye akajitolea katika kampeni za polio, akiwasimulia kisa chake wazazi waliosita. Alifariki mwaka 2013 akiwa bado katika kazi hiyo. Hakuna kipeperushi kinachomshinda mtu kama huyo, na sababu yake utaikuta kwenye sura ya nadharia ya kujifunza kwa kuwatazama wengine.

Kizuizi kingine ni maana ambayo watu wanayo tayari kabla hujafika. Kuna utafiti wa miaka hiyohiyo ya 1950 kutoka kijiji kimoja cha Peru. Mhudumu wa afya alihangaika kwa miaka miwili kuzishawishi familia 200 zichemshe maji ya kunywa. Zilizokubali ni 11. Pale kijijini, maji ya moto yalihesabiwa kuwa ya wagonjwa. Mzima kuyanywa ilikuwa ni kujitangaza mgonjwa. Mhudumu alihubiri vijidudu, wenyeji wakasikia kitu kingine kabisa. Ukikisoma kisa hicho vizuri utaona hapakuwa na ujinga upande wowote. Kulikuwa na elimu mbili zilizopishana njiani bila kusalimiana.

Mwaka wa pili kuelekea wa tatu unaingia kwenye upangaji wa programu. Modeli inayofundishwa sana ni ile aliyoianzisha Lawrence Green mwaka 1974, iitwayo PRECEDE. Uzuri wake ni kwamba inakulazimisha utembee kinyumenyume. Unaanza na maisha ambayo watu wanayataka, unarudi kwenye tatizo la afya linalowazuia, unarudi tena kwenye tabia na mazingira yanayolizaa tatizo hilo, halafu unachambua sababu kwa makundi matatu: zinazomwelekeza mtu (anachojua, anachoamini), zinazomwezesha (maji, muda, nauli, ujuzi wa mikono), na zinazomtia moyo aendelee (familia, wenzake, mhudumu anayempokea vizuri). Ujumbe unaandikwa mwishoni kabisa.

Nikitoa zoezi la kunawa mikono, karibu kila kundi huanza na kuchora bango. Nawarudisha: bango linatibu sababu za kundi la kwanza tu. Kama shule haina maji yanayotiririka, bango la "nawa mikono" ni tusi lililochapwa kwa rangi. Hapo ndipo Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1986, tamko la kimataifa kuhusu kukuza afya, unapopata maana, maana ulitaja stadi za mtu binafsi kama eneo moja tu kati ya matano. Mengine ni sera zinazojali afya, mazingira yanayosaidia, nguvu ya jamii yenyewe, na huduma za afya kuelekezwa upya. Kwa hiyo mhitimu wetu anapaswa kujua kuandika barua kwa halmashauri na kusoma bajeti, si kuimba ngonjera za usafi peke yake. Ngonjera zina mahali pake, sizibezi.

Kutengeneza vielelezo nako kuna sheria moja ambayo wanafunzi huiona ya kuchosha hadi iwaokoe: usichapishe kitu kabla hujawaonyesha watakaokitumia na kuwauliza wanaona nini. Usiwaulize kama ni kizuri, watakuambia kizuri kwa adabu. Waambie wakusimulie picha. Picha tatu za mtoto mgonjwa, mtoto akinywa dawa, mtoto akicheza, mtu aliyezoea kusoma kutoka kulia atazisoma hivi: mtoto alikuwa akicheza, akapewa dawa, akaugua.

Fildi ndiyo moyo wa shahada hii. Mwanafunzi hupelekwa kwenye jamii na taasisi fulani chini ya msimamizi, na kabla ya kufundisha chochote anafanya tathmini ya mahitaji: anapitia rejista za zahanati, anaendesha majadiliano ya vikundi, anawahoji viongozi, anatembea na kuangalia. Wengi hurudi wakilalamika kwamba wiki za mwanzo "hawakufanya kitu", walikaa tu wakisikiliza. Huko ndiko kufanya kwenyewe. Anayetaka kujua uzito wake akumbuke Septemba 2014, wakati wa Ebola: ujumbe uliokwenda kutoa elimu katika kijiji cha Womey, Guinea, ulishambuliwa na watu wanane wakauawa, wakiwemo maofisa wa afya na waandishi wa habari. Walikwenda na taarifa sahihi. Hofu na kutoaminiana vilikuwa vimetangulia kufika. Mwishoni mwa mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazishi ya waliofariki kwa Ebola uliosisitiza kwamba yawe salama na pia yawe ya heshima, familia ishirikishwe na viongozi wa dini wawe na nafasi. Kipande hicho cha heshima kilisaidia watu wakubali kuita timu za mazishi badala ya kuzika kwa siri.

Kuhusu tathmini ya matokeo nitasema machache, ingawa inachukua semista nzima. Jifunze kutofautisha ulichofanya na kilichobadilika. "Tumewafikia watu wengi" ni ripoti ya viatu vyako. Kipimo cha awali usipokichukua kabla ya kuanza, hakuna takwimu itakayokusaidia baadaye, hata umlilie mwalimu wa takwimu.

Lipo pia somo la maadili, ambalo ratiba nyingi hulibana Ijumaa jioni. Ridhaa, siri, na lile swali gumu la vitisho: je, ni halali kumwogopesha mtu kwa faida yake? Msimamo wangu ni kwamba woga usioambatana na hatua ambayo mtu anaiweza humfanya aufunge mlango, na aibu ni mbaya zaidi, kwa kuwa huwaficha wagonjwa wale hasa tunaowatafuta. Wenzangu wengine wanaona nawaonea watengeneza matangazo. Mjadala huo unafaa kusikilizwa.

Ajira zipo kwenye serikali za mitaa, mashirika, shule, viwanda, hospitali na miradi ya utafiti, ila cheo chako kitaitwa majina mengi na mara nyingi hakitakuwa na neno "elimu" ndani yake. Tafuta kazi kwa kusoma majukumu, usisome kichwa cha tangazo.

Ukiwa unachagua chuo, acha brosha, omba mtaala wenyewe. Hakikisha programu inatambuliwa na mamlaka ya elimu ya juu ya nchi unakosoma. Angalia fildi ni ndefu kiasi gani, kama msimamizi huwatembelea wanafunzi au husaini fomu akiwa ofisini, kama takwimu inafundishwa kwa data halisi, na kama kuna utafiti wa mwisho unaouandika mwenyewe. Kisha mtafute aliyehitimu hapo karibuni umuulize jambo moja tu: matokeo ya utafiti wake aliwarudishia wale aliowahoji, au yaliishia kwenye kabati la idara?