Je, wajua kwa nini Pillsbury, aliyewapiku vigogo wote Hastings, hakuwahi kugombea ubingwa wa dunia?

Agosti 1895, wachezaji 22 wa sataranji, mchezo ambao wengi tunauita chesi, walikutana Hastings, mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Bingwa wa dunia Emanuel Lasker alikuwepo. Alikuwepo Wilhelm Steinitz, aliyevuliwa taji na Lasker mwaka mmoja kabla, pamoja na Siegbert Tarrasch wa Ujerumani na Mikhail Chigorin wa Urusi. Kati yao alikaa kijana wa miaka 22 kutoka Somerville, Massachusetts, ambaye alikuwa ameujua mchezo huo akiwa tayari na umri wa miaka kama 15. Jina lake Harry Nelson Pillsbury.

Raundi ya kwanza alifungwa na Chigorin. Hadi mashindano yanakwisha alikuwa ameshinda michezo 15, ametoka sare 3 na kupoteza 3, jumla pointi 16.5 kati ya 21. Chigorin alipata 16, Lasker 15.5, Tarrasch 14, Steinitz 13. Katika historia ya sataranji ni wachezaji wachache mno walioingia mashindano yao makubwa ya kwanza ya kimataifa na kuondoka na nafasi ya kwanza mbele ya bingwa wa dunia, aliyemtangulia bingwa huyo, na wote waliotajwa kuwa warithi wao.

Miaka 11 baadaye Pillsbury alifariki bila kuketi hata siku moja kwenye mechi ya kugombea taji. Ilikuwaje?

Kwanza ni lazima tuelewe taji lenyewe lilivyokuwa likigombewa. Shirikisho la kimataifa, FIDE, lilianzishwa Paris mwaka 1924, na likachukua usimamizi wa ubingwa mwaka 1948. Kabla ya hapo hapakuwa na mchujo, wala orodha ya viwango, wala sheria ya kumlazimisha bingwa acheze kila baada ya muda fulani. Taji lilikuwa kama mali ya aliyelishika. Aliyelitaka alituma changamoto, akatafuta wafadhili wa kuweka dau, kisha pande mbili zikavutana kuhusu fedha, mji, idadi ya michezo na tarehe. Lasker na Steinitz mwaka 1894 walicheza kwa dau la dola 2,000 kila upande, fedha nyingi sana kwa wakati ule, na hata kiasi hicho kilifikiwa baada ya kushushwa. Kwa hiyo mgombea alihitaji uwezo, na alihitaji pia wakati ambapo jina lake lilikuwa la moto kiasi cha kuwafanya matajiri wafungue mifuko. Jina la Pillsbury lilikuwa la moto mwishoni mwa 1895.

Mwaliko ukaja kutoka St. Petersburg. Warusi waliwaita watano wa kwanza wa Hastings. Tarrasch hakwenda kwa sababu ya kazi yake ya udaktari. Wanne waliobaki walicheza kuanzia Desemba 1895 hadi mwisho wa Januari 1896, kila mmoja akikutana na kila mwenzake mara sita, yaani michezo 18 kwa mtu. Nusu ya kwanza ilipomalizika Pillsbury aliongoza kwa pointi 6.5 kati ya 9, Lasker akiwa na 5.5. Nusu ya pili alipata pointi 1.5 tu kati ya 9. Mwisho: Lasker 11.5, Steinitz 9.5, Pillsbury 8, Chigorin 7.

Mporomoko huo ndio uliobadilisha kila kitu, na mchezo wa tarehe 4 Januari 1896 dhidi ya Lasker ndio unaouonyesha vizuri kuliko yote. Chukua ubao uufuate; herufi na namba kama d4 zinataja mraba, herufi ikiwa safu ya wima na namba mstari wa mlalo.

Silaha kuu ya Pillsbury akiwa na kete nyeupe ilikuwa ufunguzi unaoitwa Kafara ya Malkia: askari wa d2 anakwenda d4, kisha askari wa c2 anakwenda c4, akitolewa kama chambo. Wenzake wengi waliucheza kwa upole, wakitafuta faida ndogo upande wa malkia. Yeye aliugeuza kuwa mashambulizi dhidi ya mfalme. Mpango wake, uliompiga Tarrasch pale Hastings, ulikwenda hivi: askofu anawekwa g5 ili amkabe farasi wa f6, farasi mweupe anapanda hadi e5, askari wa f anasogezwa f4 ili amshikilie farasi huyo asing'oke, askofu wa pili anakaa kwenye mshazari unaolenga h7, halafu malkia anapita f3. Farasi wa e5 hawezi kufukuzwa kirahisi, kwa sababu akiliwa na farasi mweusi, askari wa f4 atakula hapo na kuifungulia ngome safu ya f. Mpango huu una udhaifu wake. Mweusi ana askari wengi zaidi upande wa malkia na huwasogeza haraka, hivyo mweupe akipoteza hatua mbili tatu anakuta askari wa adui anakaribia kugeuka malkia. Pia mweusi akifaulu kuweka farasi e4 na kubadilishana kete, moto wote unazimika.

Siku ile Lasker hakumpa nafasi ya kuujenga mpango huo. Alisukuma askari wake hadi c5 mapema, kete zikaliwa katikati, na malkia wa Pillsbury akajikuta d4, akitishiwa na farasi wa c6. Katika hatua ya 7 Pillsbury alimhamisha malkia hadi h4. Inaonekana hatua ya kawaida kabisa, na kasoro yake ni mpangilio tu. Askofu wa g5 alibaki hapo bila kumla farasi wa f6, na alipomla katika hatua ya 13, mweusi alikuwa na askofu wake tayari e7 wa kurudishia. Askofu huyo akatua f6, kwenye mshazari mrefu unaomwelekea mfalme mweupe aliyekuwa amejificha upande wa malkia.

Pillsbury alisukuma askari wa f hadi f5 akidhani anamkimbiza askofu wa e6. Lasker hakumwondoa askofu huyo. Ngome yake ilimla farasi wa c3, na askofu wake alipoliwa, ngome ileile ikaruka hadi a3, ikijitoa kafara mbele ya mfalme. Baadaye ngome ya pili nayo ikatua a3, ikaliwa na mfalme mwenyewe, na mfalme huyo akaburutwa hatua kwa hatua katikati ya maadui hadi akakosa pa kwenda katika hatua ya 32.

Baada ya St. Petersburg, aliyepata mechi ya taji alikuwa Steinitz, mzee wa miaka 60. Walicheza Moscow kuanzia Novemba 1896 hadi Januari 1897. Lasker akashinda michezo 10, akafungwa 2, sare 5. Kisha bingwa akakaa miaka 10 bila kulitetea taji lake hata mara moja. Hapo ndipo mlango ulipomfungia Pillsbury, maana miaka hiyo kumi ilikuwa ndiyo miaka yake.

Na alikuwa na haki ya kubisha hodi. Nuremberg 1896 alimfunga Lasker. Mwaka 1897 alimshinda Jackson Showalter katika mechi ya ubingwa wa Marekani, akarudia mwaka uliofuata, na taji hilo hakulipoteza hadi kufa. Vienna 1898 alilingana na Tarrasch kileleni kwa pointi 27.5 kati ya 36, na Tarrasch akahitaji michezo minne ya ziada kumtoa. Paris 1900 alikuwa wa pili nyuma ya Lasker. Ukihesabu michezo yote ya wawili hao, Pillsbury alishinda 5, Lasker 5, sare 4. Kwa maoni yangu hakuna mchezaji mwingine wa miaka ile aliyestahili mechi ya taji kuliko yeye.

Riziki yake, hata hivyo, ilitoka kwingine: maonyesho ya kucheza bila kuona ubao. Moscow mwaka 1902 alikabili watu 22 kwa wakati mmoja, akashinda 17, sare 4, akafungwa 1. Mwaka huohuo kule Hannover alijaribu watu 21 waliokuwa wachezaji wa mashindano hasa, na hapo akashinda 3 tu, sare 11, akafungwa 7. Tofauti hiyo ina sababu. Anayecheza hivi hahifadhi picha 22 kichwani. Hukumbuka kila mchezo kwa namna ulivyofunguliwa na kosa la kwanza lililoufanya uwe tofauti na mingine. Mpinzani dhaifu hukosea mapema na kuacha alama. Mpinzani mzuri hakosei mapema, na michezo inafanana kwa muda mrefu.

Alipofariki magazeti yalidai kwamba maonyesho hayo ndiyo yaliyomuua kwa kuuchosha ubongo. Si kweli. Kilichomuua ni kaswende iliyofika kwenye ubongo, maradhi ambayo wakati huo hayakuwa na tiba. Dawa ya kwanza yenye nguvu ilianza kuuzwa mwaka 1910.

Mwaka 1904, afya yake ikiwa imeshaharibika, alicheza Cambridge Springs, Pennsylvania, na hakufikisha hata nusu ya pointi zote alizoweza kupata. Lakini alikutana tena na Lasker, na ufunguzi ukarudi palepale pa St. Petersburg, malkia mweupe akiwa d4. Safari hii, hatua ya 7, alimla kwanza farasi wa f6 kwa askofu. Mweusi akimla malkia wa d4, malkia wake wa d8 naye analiwa. Kwa hiyo Lasker alirudishia kwa askari wa g, na hapo ndipo malkia mweupe alipokwenda h4. Hatua mbili zilezile, zimebadilishana nafasi: askari wa mweusi wamepangana wawili kwenye safu moja, na mfalme wake hana ukuta wa kujificha nyuma yake. Malkia wa Lasker akaenda kula askari wa b2, na wakati akila, kete nyeupe zote zilimzunguka mfalme wake. Mchezo uliisha kwa hatua 30.

Pillsbury alifariki Philadelphia tarehe 17 Juni 1906, akiwa na miaka 33. Miezi saba baadaye, Januari 1907, Lasker hatimaye aliliweka taji lake mezani. Mpinzani wake alikuwa Mmarekani, Frank Marshall. Lasker alishinda michezo 8, sare 7, hakufungwa hata mmoja.