Ukichora uwanja wa mbio Arusha, anzia nje ya kona

Mimi ni mhandisi wa barabara hapa Arusha, na vijana wa magari na pikipiki huniletea michoro ya uwanja mdogo wa mbio wa lami, wa kilomita mbili hivi. Karibu yote ina ugonjwa mmoja: lami imechorwa kwa mapenzi makubwa, nje ya kona hamna kitu. Mpaka wa shamba uko palepale, umewekewa ukingo wa chuma.

Kwa gari ukingo huo unafaa. Linajikwaruza nao ubavuni, linapungua mwendo, na dereva kafungwa mkanda ndani ya bodi. Mwendesha pikipiki hana bodi. Akianguka anateleza peke yake, na kinachomwokoa ni nafasi. Uwanja wa Suzuka, Japani, ulionyesha hili kwa uchungu: Aprili 2003 mwendesha pikipiki Daijiro Kato aligonga kizuizi katika MotoGP, mbio za pikipiki za ubingwa wa dunia, akafariki wiki mbili baadaye. MotoGP haijarudi pale. Formula 1, ya magari, bado inakimbia Suzuka.

Nafasi kiasi gani? Chukua mtu anayeteleza juu ya lami kwa kipimo cha msuguano cha 0.5, yaani lami inamzuia kwa nguvu ya nusu ya uzito wake. Akianguka kwa kilomita 100 kwa saa, atasimama baada ya mita 80 hivi. Kwa 140, mita zinapita 150. Ndiyo maana eneo likiwa dogo nashauri sehemu ndefu iliyonyooka ikatwe kwa kona ya taratibu, pikipiki zifike kwenye kona kubwa zikiwa zimeshapunguza mwendo. Wapenda kasi hununa, na nawaelewa. Wengine hunijibu kwamba Arusha iko juu, mita 1,400 hivi, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya nguvu. Kweli inapoteza. Lakini njia ikinyooka vya kutosha mwendo uleule utafikiwa, mbele kidogo tu.

Nafasi ikipatikana, imwagwe changarawe ya mviringo, si kokoto za kusagwa tunazojengea barabara. Kokoto zenye ncha hushikana zikawa sakafu ngumu, tena humchana mtu. Za mviringo husogea chini ya tairi, tairi linazama, mwendo unakufa. Vumbi letu la majivu ya volkeno ya Mlima Meru likijaa humo na masika yakalilowesha, changarawe hugandamana. Igeuzwe kwa reki kabla ya kila siku ya mbio, na fedha za kazi hiyo zitengwe pamoja na za lami.