Je, wajua kwa nini mwenzio aliyekaa biznesi klasi anaweza kushuka na maili za ikonomi, au asipate hata moja? Maili hapa ni zile pointi ambazo shirika la ndege linakupa ukisafiri, unazikusanya ukate nazo tiketi baadae.

Hili swali linawapata sana watu wanaosafiri wawili wawili, mke na mume, mama na binti yake, marafiki wanaoenda harusi ya mtu. Mmoja ana kadi ya gold ya shirika la ndege au ana vocha ya kumbeba mwenzake, basi wanakata tiketi, wanapandishwa wote mbele, viti vinalala mpaka chini, juisi inakuja kwenye glasi ya kioo, halafu baada ya siku kadhaa kila mtu anafungua app yake, huyu anakuta maili elfu moja na ushee na yule anakuta sifuri. Ndege ile ile, safu ile ile, hata chakula walichagua kimoja. Sasa imekuwaje?

Ni kwamba kompyuta inayogawa maili haijui ulikaa wapi na wala haina shida ya kujua, yenyewe inasoma tiketi tu. Ni kama konda akikuruhusu ukae kiti cha mbele pembeni ya dereva, umefurahi sawa, ila nauli uliyotoa ni ile ile ya wa nyuma.

Chukua risiti ya tiketi yako, ile unayotumiwa kwenye imeili ukishalipa, bei iache kwanza. Utaona namba ya tiketi, ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo zinasema nani katoa hiyo tiketi, 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 176 Emirates, 157 Qatar. Shuka mpaka kwenye mstari wa safari yenyewe, tuseme Nairobi kwenda London, pembeni ya namba ya ndege na tarehe kuna herufi moja imekaa peke yake, inaweza kuwa Y, M, Q, T, watu wengi wanaipita wakidhani ni mambo ya mfumo tu. Hiyo herufi ndo yenye maneno yote. Kwa kawaida Y ni ikonomi ya bei kamili, J ni biznesi ya bei kamili, F ni daraja la kwanza, na zilizobaki kila kampuni inapanga inavyotaka, kwa hiyo watu wawili wamekaa ikonomi bega kwa bega mmoja yuko Y mwingine yuko Q na bei zao hazikaribiani hata kidogo. Halafu kuna msimbo wa nauli, mchanganyiko wa herufi na namba usiosomeka, ambao mara nyingi unaanza na herufi hiyo hiyo, na humo ndimo masharti yanapokaa: nauli inarudishwa au hairudishwi, inaruhusu kupandishwa daraja au hairuhusu, ni ya ofa au ya kawaida.

Tupige hesabu kidogo. Nairobi mpaka London, umbali wenyewe angani ni maili 4,200 na kitu. Tuchukue kampuni ambayo jedwali lake linasema biznesi inapata asilimia 150 ya umbali na ikonomi ya bei ya chini inapata asilimia 25, namba za mfano hizi ila majedwali mengi yanafanana hivyo. Aliyenunua biznesi kwa hela yake anaondoka na 6,300. Aliyenunua ile ikonomi ya chini akapandishwa mbele kwa namna yoyote bila tiketi kubadilika anaondoka na 1,050, hata kama ni yeye aliyelala usingizi mzuri kuliko wote.

Huo ni mfumo wa umbali, wa kizamani, na bado unatumika hasa pale unapopanda ndege ya kampuni moja na kupeleka maili kwa kampuni nyingine mshirika. Ila kampuni kubwa nyingi kwa ndege zao wenyewe zimehamia kwenye hela. Delta na United za Marekani walihamia 2015, American Airlines wakafuata 2016, British Airways wakaja 2023. Hapo hakuna tena maili za angani, ni dola ngapi umelipa. American mwanachama wa kawaida anapata maili 5 kwa kila dola ya nauli, mwenye Executive Platinum, ngazi yao ya juu ya uanachama, anapata 11. Na nauli maana yake nauli, kodi za serikali hazimo, kwa hiyo tiketi ya dola 600 ambayo ndani yake nauli ni 480 inakupa maili 2,400, sio 3,000.

Sasa rudi kwa yule mwenza. Kama tiketi yake imetoka kwa ofa ya mwenza aende bure, nauli yake ni sifuri, na sifuri mara 5 ni sifuri, mara 11 pia ni sifuri, hata umpandishe wapi. Kwa tiketi nyingi za mwenza mambo yanaishia hapo hapo.

Ila sio zote, na hapa ndo watu wanachanganyana kwa sababu kila mmoja anasimulia ya kampuni yake kama vile ndo sheria ya dunia. Wenzetu walioko Marekani wanazijua hizi mbili. Southwest wana pasi ya mwenza, unaipata ukifikisha pointi 135,000 au safari 100 ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, ukishaipata unamchagua mtu wako na kila unaposafiri anakwenda na wewe kwa kulipa kodi tu, ambayo safari ya ndani ya nchi inaanzia dola 5.60 kwenda, na hiyo 5.60 wala sio ya Southwest, ni ada ya usalama inayokwenda serikalini. Yaani kampuni haijapokea hata senti kwa kile kiti. Ndo maana mwenza wa Southwest hapati pointi. Alaska Airlines wao wana nauli ya mwenza inayokuja na kadi yao ya krediti, mwenza analipa dola 99 ukiongeza kodi na ada, na huyu anahesabiwa ni abiria aliyelipa, anapata pointi zake mwenyewe, na tiketi inaruhusiwa kupandishwa daraja kama nafasi ipo. Wote wawili wanaitwa mwenza, ila mmoja kwenye vitabu ni mzigo wa hisani na mwingine ni mteja.

Kwa walioko Uingereza kuna vocha ya mwenza ya British Airways inayotoka na kadi ya American Express. Hii ni nyingine kabisa, kwa sababu haifanyi kazi kwa tiketi ya hela, inafanya kazi kwa tiketi iliyokatwa kwa Avios, ndo pointi zao, wewe unatoa Avios za kiti kimoja mnapata viti viwili, halafu kila mmoja analipa kodi na ada zake ambazo kwa kweli sio ndogo. Hapo usitegemee Avios za kurudi, wewe mwenye vocha hupati na mwenza hapati, mkikaa ikonomi au mkikaa kule mbele, kwa sababu ile ni tiketi ya zawadi, na tiketi ya zawadi karibu kila mahali haizai. Ukifikiria ni sawa tu, wangekuwa wanatoa pointi juu ya pointi ingekuwa mchezo usioisha.

Upande wa kupandishwa nao una mambo yake, kwa sababu kupandishwa hakuko kwa aina moja. Ukilipa tofauti ya nauli na tiketi ikaandikwa upya, herufi mpya, bei mpya, hapo umenunua biznesi kama mtu mwingine na maili zinakuja za biznesi. Ukipandishwa kwa maili, British Airways kwa mfano wanakuhesabia hela uliyolipa kwa tiketi ya mwanzo, sio daraja ulilohamia. Ukishinda ile minada ya kuweka dau kabla ya safari, kama ile ya Ethiopian ya kuingia Cloud Nine, ndo biznesi yao, soma masharti kabla hujaweka dau, maana kwa minada ya aina hii kawaida herufi ya mwanzo ndo inabaki kwenye hesabu. Halafu kuna ile tamu kuliko zote, ikonomi imeuzwa kupita viti vilivyopo, mnafika getini mashine inalia, dada anakuchania bodingi pasi yako na kukupa nyingine. Hapo tiketi haijaguswa kabisa, umebadilishiwa kiti tu.

Na yule wa gold anayembeba mwenzake? United na American wanamruhusu mwanachama wa ngazi za juu apandishwe bure kwenye safari nyingi za ndani kama viti vimebaki, na mwenza mmoja anaweza kupandishwa naye. Watu wanadhani mwenza akipandishwa kwa kadi yako basi anapata na mgao wako. Hapana. Anaazima nafasi yako kwenye foleni tu, maili zake zinapigwa kwa tiketi aliyonunua na kwa ngazi yake yeye. Na inageuka pia: wewe mwanachama wa kawaida umelipa tiketi zote mbili kwa kadi yako, mwenzako ana Executive Platinum, yeye anaondoka na 11 kwa dola na wewe mwenye hela unaondoka na 5. Aliyelipa hahusiki, anayehusika ni jina lililo kwenye tiketi.

Kwa nini wamebana hivi? Zamani hawakuwa wabanaji. American walianzisha programu yao ya maili, AAdvantage, mwezi wa tano 1981, miaka mitatu tu baada ya serikali ya Marekani kuachia soko la ndege za ndani, ushindani ukawa mkali, wakapekua Sabre, mfumo wao wa kompyuta wa buking, wakitafuta namba za simu zinazojirudia kwenye buking ili wajue wateja wao wa kudumu ni nani. United wakafuata ndani ya siku chache. Ikawa kila mtu anamwaga maili ili asipitwe, mpaka 1988 Delta wakaanza kutoa maili mara tatu na wengine wakalazimika kufanya hivyo hivyo. Baadae wahasibu wakaja na hesabu yao, kwamba kila maili ni deni, kiti ambacho kampuni imeahidi kukitoa siku moja. Leo viwango vya uhasibu, huu wa IFRS 15 ulioanza 2018 ukiwemo, vinataka sehemu ya nauli yako iwekwe pembeni isihesabiwe kuwa mapato mpaka utumie zile maili au zife. Sasa kwa mwenza aliyelipa sifuri ukate sehemu gani uweke pembeni?

Na usione maili ni vitu vya kuchezea. Korona ilipowakamata, United waliweka rehani programu yao ya MileagePlus wakapata dola bilioni 6.8 mwaka 2020, Delta wakafanya hivyo kwa SkyMiles wakapata bilioni 9, American wakachukua bilioni 10 kwa AAdvantage 2021. Ndege ziko chini zimefunikwa, ila maili zinakopesheka. Mtu mwenye mali ya namna hiyo hawezi kuigawa kwa kila aliyepita na vocha.

Kwa hiyo ushauri wangu mimi, kama una ofa ya mwenza itumie na usiumie kichwa kwa maili za mwenzako. Nimeona watu wanaacha ofa ya mwenza aende bure wanalipa tiketi mbili kamili ili wote wapate maili, wanatoa dola 480 kufukuzia maili 2,400 ambazo ukizibadilisha hazifiki hata dola 50. Hiyo sio akili ya kusafiri. Afadhali uangalie kama kampuni ina akaunti ya familia, Emirates, Qatar na British Airways wanazo, hata vile vidogo vya kila mtu vinaingia kapu moja.

Kinachofaa kupigania ni kile ambacho ni haki yako na mfumo umekinyima. Inatokea hivi: buking moja, abiria wawili, ajenti anaweka namba ya uanachama ya mmoja kwenye majina yote mawili, mfumo unakuta jina halilingani unatupa safari ya mwenza kimya kimya. Hakikisha kila jina lina namba yake kabla hamjachukua bodingi pasi. Au ilikuwa tiketi ya kulipia kabisa, herufi M, mkapandishwa kwa maili, na kwa kampuni nyingi za Star Alliance, ule umoja wa mashirika ya ndege, kiti cha biznesi cha zawadi kinaandikwa I, basi kompyuta ya mshirika inaona I inadhani ulisafiri bure, inakupa sifuri. Hapo tuma dai lako, ambatanisha risiti ya mwanzo yenye ile M pamoja na bodingi pasi, sema wazi kwamba nauli ilinunuliwa kwa M na kupandishwa kulikuja baadae. Bodingi pasi peke yake haitoshi, yenyewe inaonyesha I, utakuwa unawasaidia kukunyima. Piga picha vyote viwili ukiwa bado uwanjani, karatasi zile wino wake unafifia haraka, na muda wa kudai unatofautiana, wengine miezi sita, wengine mwaka.