Vipimo vya vinasaba vya mkojo: maana na mipaka yake

Vipimo vya vinasaba vya mkojo ni njia za maabara zinazomtambua bakteria kwa kuichunguza DNA yake, yaani chembechembe zinazobeba vinasaba vyake, bila kusubiri aote na kuongezeka hadi aonekane kwa macho. Mgonjwa anayekojoa kwa maumivu, au anayekwenda msalani kila baada ya muda mfupi, hutoa mkojo wa katikati (si ule wa mwanzo wala wa mwisho) kwenye kichupa safi kama kawaida. Tofauti huanzia ndani ya maabara.

Njia iliyozoeleka ni kuotesha. Mtaalamu huchovya kitanzi chembamba kinachobeba mikrolita 1 tu ya mkojo, akaupaka juu ya sahani yenye chakula cha bakteria, na sahani hiyo hukaa ndani ya kiatamizi kwenye nyuzijoto 35 hadi 37 kwa saa 18 hadi 24. Siku ya pili huonekana makundi ya bakteria: Escherichia coli, ambaye ndiye msababishi mkuu wa maambukizi ya njia ya mkojo, hutoa makundi ya manjano kwenye chakula kiitwacho CLED, ilhali Proteus mirabilis husambaa juu ya sahani ya damu kama mawimbi yanayofukuzana. Jina limepatikana, lakini bado huhitajika siku nyingine ya kujua ni dawa ipi inayomuua. Kwa mtu mwenye homa na maumivu ya ubavu siku mbili ni nyingi mno, hivyo daktari hulazimika kuanza antibiotiki kwa kukisia, na kukisia huko, kukirudiwa kwa maelfu ya wagonjwa, hulea usugu wa dawa.

Kipimo cha vinasaba kinachojulikana zaidi ni PCR, njia iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983 na ambayo wengi wetu tuliisikia kwa mara ya kwanza wakati wa UVIKO-19. Kwanza DNA hutolewa kwenye mkojo na kusafishwa, hatua isiyofaa kupuuzwa, kwa sababu urea iliyomo huweza kukizuia kimeng'enya cha PCR kufanya kazi. Kisha mchanganyiko hupashwa hadi karibu nyuzijoto 95 ili minyororo miwili ya DNA iachane, hupoozwa ili vipande vifupi vya DNA vilivyotengenezwa kwa ajili ya bakteria fulani vijibandike mahali pake, na kimeng'enya huunda nakala mpya. Kila mzunguko huzidisha nakala mara mbili, hata mizunguko 30 ikienda barabara, kipande kimoja huwa zaidi ya bilioni moja. Mashine moja huweza kutafuta aina kadhaa za bakteria kwa mkupuo, pamoja na jeni za usugu, yaani zile zinazomwezesha bakteria kuhimili dawa, kama blaCTX-M, na majibu yakatoka baada ya saa chache.

Hata hivyo, PCR ya namna hiyo huona kile tu ilichoagizwa kukitafuta. Anayetaka kujua ni nani wote waliomo husoma jeni ya 16S, ambayo kila bakteria anayo: ina herufi za DNA zipatazo 1,500, baadhi ya sehemu zake hufanana kwa bakteria karibu wote, na sehemu tisa hutofautiana, nazo ndizo zinazolinganishwa na kumbukumbu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta. Ina upungufu wake, kwani haiwezi kumtenga vizuri E. coli na ndugu yake Shigella, wala haisemi lolote kuhusu dawa.

Jambo ninaloliona zito kuliko yote ni kwamba kuonekana kwa bakteria si ushahidi kwamba ndiye anayemuumiza mgonjwa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago, walionyesha kwa kusoma 16S kwamba kibofu cha wanawake wasio na maambukizi huweza kuwa na bakteria ambao kuotesha kwa kawaida hakuwaoni. PCR pia huhesabu DNA ya bakteria waliokwisha kufa kwa dawa, na jeni ya usugu iliyopatikana huenda ni ya bakteria mwingine aliyekuwamo kwenye kichupa hicho hicho. Bibi mzee asiye na dalili yoyote, ambaye mkojo wake una bakteria, kwa kawaida hahitaji dawa. Majibu marefu yenye majina matano ya bakteria yanaweza kumletea antibiotiki asizozihitaji. Mjamzito ni suala jingine, kwani yeye hutibiwa hata bila dalili. Kwa sababu hizo kuotesha kungali kunahitajika, maana bakteria aliye hai ndiye pekee anayeweza kujaribiwa mbele ya dawa yenyewe.

Thamani ya vinasaba huonekana wazi zaidi pale ambapo sahani hubaki tupu ingawa mkojo una usaha. Huenda ni kifua kikuu cha figo, ambacho vimelea vyake havioti kwenye sahani za kawaida na huchukua wiki kadhaa hata kwenye chakula chao maalumu. Mashine ya GeneXpert, ile ile inayopima makohozi katika hospitali nyingi za Tanzania na Kenya, huweza kuitambua DNA ya vimelea hivyo ndani ya saa mbili hivi, na papo hapo ikaonyesha kama vina usugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu.