Sheria ya uwazi wa matumizi ya serikali: maana yake hasa

Fungua kitabu cha bajeti ya serikali, shuka chini ya jedwali, na mara nyingi utakutana na mstari ulioandikwa "matumizi mengineyo". Mbele yake pana tarakimu ndefu, basi. Nani kalipwa, kwa kazi gani, lini na wapi, hakuna. Hapo hapajasemwa uongo, na kitabu chenyewe si siri. Lakini ukikifunga, unachokijua hakijaongezeka sana. Sheria ya uwazi wa matumizi ya fedha za umma ipo ili kuulazimisha mstari ule ufunguke.

Kwa ufupi, ni sheria inayozitaka ofisi za serikali zitangaze, bila kuombwa, mikataba, ruzuku, mikopo na malipo yanayotoka hazina, pamoja na jina la mpokeaji, kiasi, shughuli, tarehe na mahali. Maneno mazito hapo ni mawili: bila kuombwa. Wengi huichanganya sheria hii na ile ya haki ya kupata taarifa, ambayo ni ndugu yake mkubwa kwa umri. Sweden iliwapa watu wake haki ya kusoma nyaraka za serikali tangu 1766. Katika sheria ile anayeanza ni mwananchi. Anaandika barua, anasubiri, anajibiwa au anazungushwa njoo kesho. Tena ni lazima ajue anachokitafuta, maana huwezi kuomba nakala ya mkataba usiojua kama upo. Sheria ya uwazi wa matumizi inamwondolea mzigo huo na kumtwisha mtoa fedha.

Ukaguzi wa hesabu nao ni jambo jingine. Mkaguzi hupita mwaka wa fedha ukishafungwa, na ripoti yake humfikia msomaji wakati jengo limeshapauliwa au mkandarasi ameshahama.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Marekani. Katiba yao tangu mwanzo inataka taarifa ya mapato na matumizi ya fedha zote za umma itangazwe "mara kwa mara", bila kusema kwa kina kiasi gani. Mwaka 2006 maseneta wawili wa vyama hasimu, Tom Coburn wa Republican na Barack Obama wa Democratic, walipeleka muswada wa kuanzisha tovuti moja, ya bure, ambamo mtu yeyote angetafuta nani kapewa fedha za serikali kuu na kiasi gani. Malipo yasiyofika dola 25,000 yaliachwa nje.

Kilichoupata muswada huo ni kichekesho ambacho huwezi kukitunga. Desturi ya Seneti wakati huo ilimruhusu seneta mmoja kuzuia muswada usiletwe ukumbini bila jina lake kutajwa. Basi muswada wa uwazi ukazuiwa kwa siri. Waandishi wa blogu na wasomaji wao wakaanza kupiga simu ofisi za maseneta, moja baada ya nyingine, wakiuliza: ni wewe? Kila aliyekana akafutwa kwenye orodha. Mwishowe Ted Stevens wa Alaska akakiri, na Robert Byrd wa West Virginia naye. Kizuizi kikaondolewa, na tarehe 26 Septemba 2006 Rais George W. Bush akatia saini. Tovuti, USAspending.gov, ikafunguliwa Desemba 2007.

Hapo ndipo tunapojifunza kwamba kutangaza ni jambo moja na kutangaza kilicho sahihi ni jingine. Mwaka 2014 ofisi ya ukaguzi ya bunge lao, GAO, ililinganisha yaliyomo kwenye tovuti na kumbukumbu za ofisi husika. Ikakuta ruzuku, mikopo na misaada mingine ya karibu dola bilioni 619 ya mwaka wa fedha 2012 haikuripotiwa inavyotakiwa. Katika kumbukumbu zilizopimwa, zilizolingana na vitabu vya ofisi kwa kila kipengele zilikuwa kati ya asilimia 2 na 7 tu. Mwezi Mei mwaka huohuo ilikuwa imepitishwa sheria ya pili, DATA Act, iliyozitaka ofisi zote zitumie vipimo vya aina moja vya takwimu.

Vipimo vya aina moja ni jambo linalochosha kulisoma, lakini uhai wa sheria hizi uko humo. Chukulia kampuni moja iliyoandikwa na wizara hii kwa jina kamili, na ile kwa kifupisho, na ya tatu ikaacha herufi moja. Kompyuta itaona kampuni tatu zenye fedha kidogo kidogo, wakati mfuko ni mmoja ulioshiba. Dawa yake ni namba moja ya utambulisho inayomfuata mpokeaji kila aendako. Ndiyo maana nakala ya karatasi iliyopigwa picha na kupandishwa mtandaoni, mistari imepinda na muhuri umefunika tarakimu, inaweza kutimiza sheria kwa herufi huku ikimwacha msomaji palepale: haitafutiki wala haijumlishiki.

Kuna pia suala la mkono wa pili. Mkandarasi aliyeshinda zabuni hutajwa, kisha huigawa kazi kwa wengine wasiotajwa. Sheria ya Marekani ililiona hilo na kutaka wa pili naye aandikwe. Slovakia ilikwenda mbali zaidi mwaka 2017 kwa kutaka kampuni zinazofanya biashara na serikali zimsajili mtu halisi aliye nyuma yake. Jina la kampuni ni kofia tu. Kichwa ndicho kinachotafutwa.

Na kwa maoni yangu, Slovakia hiyohiyo ndiyo iliyogusa penye mshipa. Tangu 2011 mkataba wa taasisi ya umma unaopaswa kutangazwa hauanzi kufanya kazi mpaka siku inayofuata kuwekwa kwake mtandaoni. Ukipita miezi mitatu bila kutangazwa, unahesabiwa haukuwahi kufungwa. Sheria nyingi humtishia mtumishi kwa faini ambayo hakuna anayeidai. Hii inamgusa mkandarasi mwenyewe: bila kutangaza, huna mkataba wa kudai malipo. Kwa hiyo anayemsukuma karani apandishe mkataba ni yule ambaye pengine angependa ufichwe.

Si kila kitu huanikwa. Kwa kawaida sheria hizi huacha nje mambo ya usalama wa taifa na taarifa binafsi, kama za mgonjwa au mpokeaji wa msaada wa kijamii. Upenyo huo ni wa haki, ila una tabia ya kupanuka, kwa hiyo usomapo sheria ya aina hii anzia kwenye vifungu vya misamaha.

Fedha zikitangazwa, nani asome? Uganda inatajwa sana hapa. Utafiti ulikuta kwamba kati ya 1991 na 1995 ni wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku ya matumizi ya shule za msingi iliyofika shuleni. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini fedha zilizotumwa kila wilaya, na kufikia 2001 zilizofika zilikuwa zimepita asilimia 80. Wachumi bado wanabishana ni kiasi gani cha mabadiliko hayo kilitokana na magazeti, kwa kuwa mageuzi mengine yalikuwa yakiendelea. Lakini zoezi hilo lilikuwa na sehemu ya pili isiyotajwa mara nyingi. Shule nazo zilitakiwa kubandika tangazo la kiasi zilichopokea, na mzazi aliyelisoma gazeti aliweza kuzilinganisha tarakimu mbili akiwa amesimama palepale ukutani.